Moyo Wako Si Moyo Wangu

Mbeya, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Sekela,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana sasa hivi nimekuona ukivuka ua na kanga yangu begani, unakwenda kumuaga jirani yetu Mama Tumpe. Hali yangu ndiyo usiyoijua, ingawa tumelala nyumba moja miaka yote hii. Tangu Jumanne tuliyotoka hospitali nimeshtuka, na mshtuko haujanitoka. Napika nimeshtuka, nakunja nguo zako nimeshtuka. Leo baba yako ameniuliza kama nasikia anachosema, nikamjibu nasikia, kumbe sikusikia hata neno.

Sitakuandikia habari za kufua na kupiga pasi, wala namna ya kuishi na wenzako bwenini. Hayo unayajua kuliko mimi, kwa kuwa ni wewe uliyeiendesha nyumba hii tangu ukiwa mtoto wa kuchota maji kwa kopo. Shangazi yako wa Idodi atakapopita chuoni kukutazama atakuongezea mengine, utake usitake. Mimi nina jambo moja. Nimeamua kuliandika kwa sababu kila nikijaribu kulisema unaniwahi: "Basi mama, yamekwisha." Hayajaisha, mwanangu. Kwangu ndiyo kwanza yameanza.

Daktari alikupima vizuri Jumanne ile, kwa ajili ya cheti cha chuo, nami nilikuwapo kwenye benchi nikitazama. Alisikiliza kifua mbele na mgongoni. Akakuambia upande na kushuka ngazi za mlangoni mpaka jasho likakutoka, akasikiliza tena. Akasema, "Moyo mzuri. Hauna kasoro." Nikamshukuru Mungu kimyakimya. Ndipo akauliza, kama wanavyouliza kila mtu, "Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Ulinitazama mimi kwanza. Kisha ukasema, "Huwa nameza vya mama."

"Vya mama vipi?"

"Vile vya kutuliza. Si kila siku. Moyo ukinienda mbio tu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akakuuliza tangu lini, ukasema tangu mitihani, na tena tangu ulipopata nafasi ya chuo cha ualimu kule Iringa, zile siku unapoiwaza safari. Akauliza, "Nani alikuambia moyo wako ni mgonjwa?"

Ulitazama viatu vyako. Ulivitazama kwa adabu, nami nikajua unamficha nani.

Sasa nisikilize nikueleze yale ambayo hukuwahi kuelezwa kwa mpangilio. Uliyaona vipande vipande tu, tena kwa macho ya mtoto.

Nilipokuwa msichana kule Rungwe nilipata homa ya viungo. Magoti yalivimba yakawa kama mafungu ya viazi, maumivu yakahamia viwikoni, kisha yakaondoka. Mama yangu alinikanda kwa maji ya majani, nikapona, tukasahau. Hakuna aliyejua kwamba homa ile ilipita moyoni na kuacha alama. Nililima, nilibeba ndizi kichwani nikipanda vilima vya kwetu, nikaolewa na seremala wa Kihehe aliyekuja kupiga mbao za paa la kanisa. Akanichukua kwao Iringa, nikakuzaa wewe bila shida kubwa.

Shida ilikuja kwa mdogo wako. Nikiwa na mimba yake nilishindwa kupanda kutoka mtoni na ndoo. Pumzi ilikuwa inakatika, moyo unadunda mpaka shingoni, na usiku nilikaa kitako kwa sababu nikilala nilihisi nazama. Mtoto alizaliwa, tukamwita Lugano, akaishi mpaka asubuhi. Baada ya mazishi baba yako alinipeleka kwa daktari mmoja wa Kizungu, mzee aliyekuwa karibu kurudi kwao. Alisikiliza moyo wangu kwa muda mrefu. Akatueleza kwamba moyo una milango midogo ya kupitishia damu, na mmoja wa kwangu haufungi sawasawa, kwa hiyo kila pigo damu kidogo inarudi nyuma.

"Asilime," akamwambia baba yako. "Asibebe maji. Asipande milima. Asizae tena. Na asihuzunike."

Akanipa chupa ya vidonge vidogo vyeupe vya kuutuliza moyo. Baba yako akauliza nivimeze kwa muda gani.

"Avitumie tu," akasema.

Simlaumu mzee yule. Alimwona mwanamke kijana aliyetoka kuzika, akaogopa nisije nikafa mikononi mwake. Lakini neno lile, avitumie tu, liligeuka miaka. Tulihama Iringa, tukaja hapa Mbeya baba yako alipopata kazi kwenye karakana, na chupa ikahama nasi. Ikiisha naongezewa. Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza.

Vidonge vile vilituliza kweli, ila havikuchagua cha kutuliza. Sikumlilia Lugano. Wanawake wa kanisani walinisifu kwamba nina imani, nami niliwaamini. Nilikaa barazani na kitambaa cha kufuma ambacho hakikuisha, nikikuona ukipita na ndoo, ukipita na kuni, ukipita na unga, na kila ulichofanya nilikiona kama kinafanyika ng'ambo ya mto. Baba yako akirudi alikuta umepika. Aliniambia siku moja, "Mama Sekela, mtoto anakuwa mkubwa kabla ya umri." Nikamwambia, "Anasaidia." Nikasinzia.

Sasa nifike siku ile ya uwanjani. Nilikuwa nimeisahau kabisa, na hilo ndilo lililonishtua kuliko yote uliponikumbusha njiani tukitoka hospitali. Ilikuwa mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza. Shule zote za mji zilikusanywa, mkapewa peremende na vibendera, kukawa na mbio za watoto. Baba yako alinikokota nikaketi pembeni na mwavuli. Ulikimbia ukashika nafasi ya pili, ukaja mbio hadi kwangu unahema na kucheka, ukauchukua mkono wangu ukauweka kifuani pako. "Mama, sikia unavyoruka."

Unasema nilikujibu hivi, kwa sauti ile yangu ya usingizi: "Kaa chini. Wewe una moyo wangu. Usikimbie tena."

Ukakaa. Wenzako walipokuita kwenye mbio za kupokezana vijiti ukawaambia, "Mimi nina moyo." Na tangu siku hiyo, darasa zima likitoka nje kwa michezo wewe ulibaki kushika makoti ya wenzako. Mwalimu alidhani ni agizo la daktari. Baba yako alidhani hupendi michezo. Mimi sikudhani chochote. Ulikuwa mtoto mzima kabisa, ukaugua kwa maneno yangu, na mwenye maneno akasahau kwamba aliyasema.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza baba yako kama anaikumbuka siku ile. Anaikumbuka yote, hata rangi ya gauni langu. Nimekaa nikijaribu kuipata kichwani mwangu. Naupata mwavuli. Wewe sikupati.

Yaliyofuata unayajua, lakini nataka uyajue kutoka upande wangu. Yule mzee wa dawa wa hapa Mbeya, aliyekuwa akiniongezea vidonge, alipoondoka, nilipelekwa kwa huyu daktari wetu wa sasa, Mhindi kijana, huyu huyu aliyekupima Jumanne. Naye alisikiliza moyo, tena nikiwa nimelala ubavu wa kushoto, halafu akanitaka nitembee kutoka dirishani hadi mlangoni. Nilifika mlangoni natetemeka.

"Mama, mlango wa moyo wako unavuja, ni kweli," akasema. "Lakini unavuja kidogo. Moyo haujatanuka, miguu haijavimba. Kinachokuchosha si moyo peke yake. Umekaa kitako miaka mingi, na vidonge hivi vimekulaza. Nataka utembee."

Nilimwambia nimekatazwa.

"Ulikatazwa ukiwa umetoka kujifungua. Sasa nakuambia tembea. Anza njia tambarare. Nenda mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kuzungumza, umezidisha, punguza. Kifua kikibana au macho yakiingia giza, kaa chini hapo hapo ulipo, na uje unione. Na vidonge tutavipunguza polepole. Usiviache ghafla. Umenielewa?"

Nilimwitikia, lakini sikumwelewa. Nilitoka pale na hasira ambayo sikuwahi kuijua. Nilihisi nimeibiwa, na mwizi simjui. Nilipofika nyumbani nikaimimina chupa yote chooni, nikasema nimemaliza. Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Kisha usingizi ukakata, mikono ikawa inaruka yenyewe, nikaanza kusikia watu wakiniita ambao hawapo. Sikumwambia mtu. Siku ya soko ikafika, nikataka kwenda nawe kwa miguu yangu ili niwaonyeshe.

Nakumbuka harufu ya ndizi mbivu. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka nilipoziona nyuso juu yangu, mbali, duara la watu waliosimama wakiacha nafasi kubwa katikati. Ulimi ulikuwa na damu. Nilisikia mwanamke akisema, "Ni kifafa. Msimguse, mate yake yatawaambukiza." Na wote walikuwa wamerudi nyuma. Wewe peke yako ulikuwa ndani ya duara, umekaa vumbini, umenilaza ubavu na kichwa changu umekiweka mapajani pako. Mtu akakuvuta bega. Ukamwambia bila kupaza sauti, "Niache. Huyu ni mama yangu."

Mama Tumpe amenisimulia kwamba ulikaa hivyo mpaka baba yako alipofika na mkokoteni wa karakana. Ulikuwa na miaka kumi na minne.

Daktari hakunigombeza. Alisema mwili ukizoea dawa ile miaka mingi, ukinyimwa ghafla huasi, na kwamba wengine hawaamki. Nikarudishiwa vidonge ili niviache ipasavyo. Unamkumbuka baba yako akivikata kwenye benchi lake la kazi kwa patasi nyembamba, nusu kwa nusu, kisha robo kwa robo, akishusha pumzi kila akikata sawa? Miezi ilipita hivyo. Ile ilikuwa miezi mibaya. Nilikugombeza kwa chumvi, kwa mlango, kwa kikombe. Na siku moja nikiwa namenya viazi, kilio kikanitoka nisijue kinatoka wapi. Baba yako alikuja mbio na randa mkononi.

"Nani amefariki?"

"Lugano," nikamwambia.

Aliiweka randa chini. Halafu akakaa sakafuni karibu nami, katikati ya maganda, tukamlilia mtoto wetu ambaye alikuwa ameoza ardhini Iringa miaka na miaka. Baba yako alikuwa amekwisha kumlilia peke yake zamani. Alirudia kwa ajili yangu.

Na asubuhi zikawa zetu, mimi na wewe. Mara ya kwanza tulifika kwenye mkaratusi ulio nje ya ua wa Mama Tumpe, nikakaa chini, nikaona aibu kwa sababu wanawake wanaokwenda shamba walipita na majembe wakinisalimu, "Ugonile, mama," na mimi mtu mzima nimekaa barabarani kama mzigo. Wewe ulikaa nami ukajifanya unatoa mwiba mguuni. Baadaye tulifika kanisani. Baadaye tulifika darajani. Tulikuwa tunaimba, na nilipokosa pumzi ya kumalizia ubeti ulipunguza mwendo bila kuniambia. Sasa nafika mpaka mwanzo wa kupanda mlima Loleza. Juu sipandi, daktari amesema kuna mipaka, na mlango wa moyo haujajirekebisha wala hautajirekebisha. Kuna siku unadunda hovyo, nami huketi nikausubiri. Lakini naishi, Sekela. Chumvi ina ladha. Baba yako akiingia nasikia kwamba ameingia.

Ila tazama, miezi yote ile tuliyotembea pamoja, ulikuwa unatembea kwa mwendo wangu. Nilidhani unanihurumia. Kumbe ulikuwa unajihofia na wewe.

Na vile vipande vya mwisho vilivyobaki nilipomaliza, daktari alisema nivirudishe. Sikuvirudisha. Niliviweka juu ya ukuta chini ya bati, kwa ajili ya siku mbaya, nikajiambia. Siku mbaya yangu haikuja. Ilikuja yako, ukajua pa kunyoosha mkono.

Sikukasirikii, hata kidogo. Ulifanya ulichoona nyumba hii ikifanya. Jumanne tuliporudi nilivitoa vyote, nikampelekea daktari mkononi mwake jana asubuhi, kwa miguu. Nilimuuliza kuhusu wewe. Amesema kwa kuwa hukuvimeza kila siku mwili wako haujafungwa navyo, lakini huenda usingizi ukakusumbua huko mwanzoni. Amesema ulione ni jambo la kupita, na ukiona halipiti umwambie mlezi wa bweni waziwazi, usione haya. Nami nakuomba hivyo hivyo. Mimi nilificha, nikaangukia sokoni.

Kitu kimoja nimekijua kwa kuchelewa, nacho ni hiki: hofu inadunda kifuani sawa na ugonjwa. Ukiwa na moyo kama wangu ni vigumu kuvitenganisha. Kwako si vigumu. Kesho basi likianza kuteremka kwenda Chimala moyo utadunda. Utadunda ukiingia lango la chuo na ukiwasikia wasichana wengine wakisalimiana "Kamwene" wakati wewe Kihehe chako ni cha kuombea maji tu. Utadunda siku ya kwanza utakaposimama mbele ya darasa. Uache udunde. Hakuna kilichoharibika. Mimi nilizima woga nikazima na mengine, na sijui mpaka leo ni mengi kiasi gani, kwa sababu aliyekuwa anapaswa kuyakumbuka ni mimi.

Nikuambie nilichokiona Jumanne, kisha nimalize, kwani namsikia baba yako anapiga misumari ya mwisho kwenye sanduku lako na taa haina mafuta mengi. Tulipofika ule mteremko wa kutoka hospitali ulisimama. Ulivua viatu, ukavishika mkononi. Hukuniaga wala hukuomba ruhusa. Ukakimbia. Ulikimbia vibaya, mwanangu, kama ndama, mikono huku na huku, msichana mkubwa wa kwenda chuo, watu wakigeuka kukutazama. Kinywa changu kilifunguka kusema "Simama." Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Nililiuma. Nilikaa chini kando ya njia nikakutazama mpaka ulipofika kwenye kona, ukageuka, umeshika kiuno, unahema, na hata kwa umbali ule niliona kwamba unanitazama usoni kujua kama umekosea.

Nilikupungia uendelee. Sijui kama uliona kwamba nalia.

Jana uliniambia huendi. Ulisema utaomba nafasi mwakani, kwa sababu asubuhi nitatembea na nani, na nikianguka nani atanilaza ubavu. Nimelizungumza na baba yako. Mama Tumpe atatembea nami, anasema na yeye magoti yake yanamwomba. Na nikianguka, watu wa mji huu wamekwisha kukuona wewe ulivyofanya. Wengine wamejifunza.

Kesho baba yako anataka kunipandisha kwenye mkokoteni na sanduku lako. Nimekataa. Nitakwenda stendi kwa miguu, na njia ile ina mwinuko, kwa hiyo ninyi tangulieni na mzigo, mimi nitakuja kwa mwendo wangu, na nikichoka nitaketi. Nikiwahi, nitakushika mikono yote miwili. Nikichelewa, utakuwa umeketi dirishani na dereva amewasha injini, utaniona nakuja kwa mbali, polepole, huenda nimesimama kupumua.

Usishuke.

Mama yako anayekupenda, aliye macho.